Fundi Anajibu: Unga wa Moto, Chenga na Kazi ya Kinu

SWALI: Nina mashine ya kusaga huku Igurusi, ya mota ya umeme. Tangu mavuno yaanze unga unatoka wa moto, una chenga, na akina mama wananirudishia. Fundi ananiambia ninunue mota kubwa zaidi. Nimsikilize? – Msomaji, Mbarali

JIBU: Fedha yako iweke kwanza, ndugu. Zima swichi kuu, toa fyuzi, subiri kinu kisimame kabisa, ndipo ufungue. Toa chekeche ulielekeze kwenye mwanga. Tundu lililopanuka, au ufa pale linapokalia, ndipo chenga zinapopita. Usilizibe kwa kipande cha bati, badilisha.

Kisha shika nyundo moja, yaani kile chuma kinachopiga mahindi ndani ya kinu. Nyundo mpya ina kona kali. Yako ikishakuwa duara upande mmoja, inayasugua mahindi badala ya kuyapasua, na msuguano huo ndio joto. Geuza nyundo zote siku moja, kona ambazo hazijatumika zitangulie. Kona zikiisha zote, nunua seti nzima na uzipime kwenye mizani: zinazokaa mkabala zilingane uzito. Ukichanganya mpya na kuukuu shafti itatetemeka, na beringi hazitamaliza msimu.

Angalia na puli, yale magurudumu yanayobeba mkanda. Mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, yenye puli ya inchi 8, ikivuta kinu chenye puli ya inchi 4, kinu kinazunguka 2880. Aliyekufungia puli ya inchi 5 kwenye kinu amekushusha hadi 2304, na nyundo zinapiga kinyonge.

Mwisho, mahindi yenyewe, maana umesema tatizo lilianza na mavuno. Mahindi mabichi huziba chekeche. Chukua chupa kavu ya kioo, tia kijiko cha chumvi kavu na mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa dakika 3, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: mteja akaanike kwanza.

SWALI: Bibi anasema mashine imetufanya wanawake wavivu. Ni kweli? – Msomaji, Ilembula

JIBU: Bibi anastahili heshima, ila hapo hatukubaliani naye. Unga mweupe wa kinu cha mchi ulitaka kukoboa kwa maji kidogo, kupepeta, kuloweka siku kadhaa, kuanika, kutwanga tena, kisha kuchekecha. Yote hayo aliyafanya mama na binti zake, bila senti. Mashine inamaliza debe kwa dakika chache, na saa zile zimehamia shambani na gulioni, hazijalala.

Kule London, kinu kikubwa cha mvuke kiitwacho Albion Mills kilianza kazi mwaka 1786. Kilipoungua mwaka 1791, wasagaji wa vinu vya zamani walishangilia, kwa sababu kiliwanyang'anya kipato. Kwetu aliyepokonywa mchi hakuwa analipwa, kwa hiyo hakuna aliyeililia kazi ile.

Kilichobadilika ni kwamba kazi ilipopata injini ilipata bei, na mwenye injini mara nyingi ni mwanaume. Mama aliyetwanga hakuhitaji shilingi. Anayekwenda mashineni anaihitaji kabla ya kupika ugali. Na pumba, zilizokuwa za kuku wake, sasa mara nyingi zinabaki mashineni na kuuzwa kwa wafuga nguruwe. Ukikoboa, nenda na mfuko wa pili, udai pumba zako kabla debe linalofuata halijamiminwa.