Jibu: Nimwanzishe wapi mwanafunzi niliyekabidhiwa?

Ndugu, umesema mwanafunzi uliyeletewa ajifunze bima na usimamizi wa vihatarishi alifaulu darasani, ila ofisini anapotea. Mimi ningemwanzishia kwenye madai, yaani maombi ya wateja ya kulipwa fidia, si kwenye mauzo. Mpe faili la dai lililokwisha kufungwa, ufiche majina ya wateja, akae nalo pamoja na hati ya bima na kuisoma neno kwa neno, hasa yale yasiyolipiwa. Kisha aamue mwenyewe: tunalipa au hatulipi, na kiasi gani?

Chukua bima pungufu, yaani mali kukatiwa bima chini ya thamani yake. Mali ina thamani ya 10,000,000, mwenyewe kaikatia bima ya 6,000,000, moto ukaunguza ya 4,000,000. Wengi watajibu alipwe 4,000,000 zote. Kumbe kama hati ina kifungu cha uwiano, yaani hasara hulipwa kwa sehemu ile ile ya thamani iliyokatiwa bima (hapa 6 kwa 10), anapata 2,400,000. Sasa amweleze mteja hilo, na mteja ni wewe, umekasirika kwelikweli. (Wangu wa kwanza alitoka jasho.)

Mitihani ya taaluma mkumbushe tu, atasoma mwenyewe. Ila usimwache awe mtu wa kutoa fotokopi hadi muda wake uishe.