Cheti cha Kidato cha Nne Ukubwani: Anza na Chuo, Ndipo Uchague Masomo

Juzi dada mmoja ameniandikia ujumbe ambao nimeusoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Ana miaka 36 na watoto watatu. Amesoma QT, mtihani wa kumfungulia aliyekatisha shule njia ya kidato cha nne, akafaulu, mwaka uliofuata akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata D nne. Nyumbani wakampikia pilau. Alipoanza kuomba chuo akaambiwa hana sifa, kwa sababu D moja kati ya hizo nne ni ya somo la dini, na ili uingie astashahada, yaani kozi ya cheti, unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Akamalizia hivi: "Sista, hakuna aliyeniambia."

Nimekasirika na sitaki kuficha. Huyu dada hakuzembea hata kidogo. Amefua, amepika, amelaza watoto, halafu amekaa na madaftari mpaka usiku wa manane. Walioshika ada yake ya twisheni ndio waliomchagulia masomo "mepesi" ili ufaulu uonekane mwingi kwenye bango la kuvutia wanafunzi wapya. Bango limetundikwa, yeye amebaki nje ya geti.

Nimepita njia hiyohiyo, ndiyo maana inanichoma. Niliacha shule kidato cha kwanza, baba alipofariki. Enzi hizo ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Elimu bila ada ilikuja kuanza Januari 2016, mimi tayari mtu mzima. Ada peke yake pengine tungeikopa, lakini michango, sare na nauli vilitushinda. Nikaenda mjini kuwa dada wa kazi. Binti wa nyumba ile alikuwa kidato cha pili. Akishalala, nilichukua kitabu chake cha Baiolojia nikasoma jikoni huku nasubiri maharage yaive. Nikikutana na neno la Kiingereza nisilolijua, naliandika kiganjani kwa peni, asubuhi namwuliza wakati namsuka. Siku nyingine nilisahau nikaosha vyombo, neno likaenda na povu, nikalia kama mtu aliyeibiwa.

Binti huyo ndiye aliyeniambia kuhusu QT. Jina lake rasmi ni Mtihani wa Maarifa, na upo kwa ajili ya mtu ambaye hakupita mtihani wa kidato cha pili. Ukifaulu, Baraza la Mitihani la Tanzania linakuruhusu kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Yote miwili hufanyika mwishoni mwa mwaka, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Kwa hiyo hata ukimbie vipi, ni miaka miwili. Anayekuahidi QT na kidato cha nne ndani ya mwaka mmoja anataka hela yako.

Mama mwenye nyumba, Mungu amweke, hakuniuliza kama nitaweza. Aliniuliza, "Unataka kusomea nini?" Nikasema uuguzi. Akasema basi Kemia na Baiolojia huzikwepi, na usithubutu kuiacha Fizikia. Watu walimcheka: dada wa kazi na Fizikia wapi na wapi? Tukatafuta kituo cha masomo chenye maabara ya kweli, mbali kuliko vituo vyote, kwa sababu mazoezi ya vitendo huyasomi kwenye makaratasi ya kufotokopi. Laiti angeniachia nichague mwenyewe, ningechukua yale ambayo kila mtu alikuwa anachukua, na leo nisingevaa sare nyeupe.

Ndiyo maana kila anayekuja darasani kwangu jioni, ninakofundisha watu wazima, kabla sijamwonyesha daftari la mahudhurio, namwuliza swali lilelile. Kozi kwanza, masomo baadaye. Anayetaka uuguzi ana masomo yake, anayetaka uhasibu ana yake, na sifa za kila kozi zimeandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, ambao ni wa bure mtandaoni. Usome wewe mwenyewe, usisomewe na mtu wa kituo.

Miaka ya chuo siisimulii, ilikuwa zamu na mitihani tu. Nitasimulia siku ya kuripoti. Mpokeaji alitazama namba yangu ya mtihani, akaona inaanza na P, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, siyo S ya shuleni. Akamwonyesha mwenzake. "Huyu ni wa QT, sijui kama atamaliza muhula." Alisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia, na wengi kwenye foleni ile walikuwa watoto wa miaka 18. Nilimaliza stashahada na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 4.1. Nikaenda shahada, nikamaliza nayo. Sijawahi kumsahau, na sijui kama ninapaswa kumsahau.

Sasa wewe unayefundisha watu wazima, au unayemlipia mke, mdogo wako au dada wa kazi wako, nisikilize. Kazi yako haiishi Januari. Matokeo yakitoka watu wanapongezana, kituo kinaanza kuandikisha wapya, na yule aliyefaulu anarudi kwenye biashara yake kusubiri. Madirisha makubwa ya udahili hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Katikati hapo mtoto anaugua, mume anahama, mtaji unakata, na kilichokuwa chuo kinageuka "mwaka kesho". Nimewapoteza wanafunzi wengi zaidi kwenye miezi hiyo kuliko kwenye chumba cha mtihani. Siku hizi namwambia kila mmoja: ukiona matokeo, njoo nayo Jumamosi hiyohiyo, na cheti cha kuzaliwa mkononi. Cheti cha kuzaliwa! Mtu ana miaka 40 na hajawahi kuwa nacho, au jina lake la cheti cha kuzaliwa halifanani na la mtihani. Mambo haya yashughulikiwe mapema, na majina yahakikiwe tangu siku ya usajili.

Kingine ni Kiingereza. Shule ya msingi mtu kasoma kwa Kiswahili, halafu mtihani wa sekondari, ukiacha Kiswahili chenyewe na masomo machache, anaandika kwa Kiingereza. Nina mama muuza samaki darasani ambaye aliwahi kutueleza kwa nini chumvi inamkausha samaki, maji yanavyotoka nje ya nyama, vizuri kuliko kitabu chochote. Hiyo ni osmosisi nzima. Kwenye jaribio la wiki ile alipata sifuri kwa swali hilohilo, kwa sababu hakujua swali lilikuwa linataka ataje au aeleze. Tukaanza na vitenzi vya maswali peke yake, kila jioni, kwa mdomo kisha kwa kuandika. Jaribio lililofuata alijaza ukurasa. D inaanzia alama 30, na alama 30 zipo ndani ya mtu kama huyo tayari.

Halafu kuna heshima. Darasani kwangu mimi ndiye ninayeamkia. Nina wanafunzi wenye umri wa mama yangu, nawapa shikamoo zao mlangoni kabla sijashika chaki. Simwiti mtu mzima ubaoni akakosee mbele ya watu. Aliyechelewa kwa sababu ya mteja wa mwisho hafungiwi mlango.

Wapo watakaokwambia umri umekutupa. Usiwasikilize. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule, lakini walioachishwa kabla ya hapo wengi ni watu wazima leo, na njia yao ni hii ya QT. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo tangu 1975 kwa ajili yao. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi na familia. Milango ipo. Mtu mzima halazimiki kupita kidato cha tano na sita. Astashahada, stashahada, kisha shahada ni njia halali kabisa, mradi stashahada uimalize kwa GPA isiyopungua 3.0. Hapo napo wengi wanalegea, wanadhani kufaulu kunatosha.

Dada uliyeniandikia, D zako tatu hazijapotea. Huna haja ya kurudia mtihani wote. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa unalipa na faini, kwa hiyo nenda mapema urisiti, yaani urudie mtihani, kwa masomo unayoyakosa tu. Wakati wa kuomba chuo utajaza namba zote mbili za mtihani, ya zamani na mpya, na ufaulu utahesabiwa pamoja. Lakini ujumbe wako mrefu wote haukuniambia unataka kusomea nini. Niandikie hilo kwanza. Ukisema maendeleo ya jamii, Jiografia peke yake inaweza kukutosha Novemba hii. Ukisema uuguzi, tunaanza Kemia, Baiolojia na Fizikia Jumatatu saa kumi na moja jioni, na watoto njoo nao, kuna mkeka.