Ulizieni waliotolewa kwenye hesabu

Mwaka 2020, korona ilipoingia, nilikuwa nauza kwenye duka la dawa, na swali kubwa pale kaunta la waliosikia kuwa inatibu korona lilikuwa: "Klorokwini ipo?" Yaani ile ile ambayo Tanzania iliiacha kutibia malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Waliowahi kuimeza wanakumbuka ilivyowasha, mtu anajikuna na gunzi usiku kucha.

Kwenye kundi la ukoo moto ulikuwa mkali zaidi. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, alisema Trump anaisifia na kuna profesa Mfaransa kaithibitisha, basi tunangoja nini?

Ushauri wangu: mzee usimwambie "huo uongo". Atanuna, na nusu ya ukoo watasimama upande wake kwa heshima tu. Chukua ushahidi wake mwenyewe, muusome pamoja. Utafiti wa profesa huyo, Didier Raoult wa Marseille, ulitoka Machi 2020. Waliopewa haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini, walikuwa 26, lakini kwenye majibu wanaonekana 20. Sita wako wapi? Watatu walipelekwa kwa wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliishindwa dawa kwa kichefuchefu, mmoja aliondoka hospitali.

Nikamwandikia: "Shikamoo baba. Mwalimu akiwatoa waliofeli halafu akatangaza darasa zima limefaulu, utampa zawadi?"

Kimya. Kesho yake akauliza, sasa mtu atajuaje kama dawa inafanya kazi? Hapo ndipo mjadala unapoanza kuwa na maana. Wagonjwa wanagawanywa kwa kura, hawa wapewe, hawa wasipewe, kisha wote wanahesabiwa, hata waliokufa. Uingereza walifanya hivyo kwenye jaribio la RECOVERY: 1,561 walipewa haidroksiklorokwini, 3,155 hawakupewa. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 ya waliopewa na asilimia 25 ya wasiopewa. Nafuu haikuonekana. (Utafiti wa Marseille ulikuja kufutwa na jarida lenyewe, Desemba 2024.)

Na asikudanganye mtu kwamba wataalamu huchukia dawa za bei ndogo. Jaribio hilo hilo ndilo lililoonyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei chee ya siku nyingi, inapunguza vifo kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia.

Kinywaji cha mitishamba cha Madagascar, cha kutibu korona, alichokitangaza Rais Rajoelina Aprili 2020, ambacho sisi tulikifuata kwa ndege, kilistahili swali lile lile: wasiokinywa walikuwaje? Wengi wa walioumwa korona walipona bila kunywa chochote, kwa hiyo "jirani alikunywa akapona" haitoshi.

Wakati mnabishana, dawa isimezwe kwanza. Klorokwini na haidroksiklorokwini zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa zikichanganywa na azithromaisini, dawa ya kuua bakteria. Muulize anayeitaka: una shida ya moyo? Unatumia dawa gani nyingine? Tena haidroksiklorokwini ina wenyewe, wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, wanaoitegemea kila siku. Anayenunua makopo ya kuweka kabatini "just in case", yaani akiba ya lolote litakalotokea, anawamalizia hao.