Gauni lile la kijani

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Shalom. Barua yako niliisoma jana usiku Sabato ilipotoka, nikairudia leo asubuhi. Unasema mwalimu wenu huko London amewaita wanawake ambao hawakufanyiwa bat mitzva utotoni, ile sherehe ya msichana wa Kiyahudi kuingia utu uzima wa dini, waifanye sasa, nawe una miaka 29, unauliza: je, miaka yote hii nimekuwa mtoto mbele ya dini? Halafu chini kabisa, kama mtu aliyeona haya: kwa nini kaka yangu alisoma Torati, mimi nikakatiwa keki?

La kwanza ni jepesi. Hukuwa mtoto. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, inahesabu miaka 13 na siku moja kwa mvulana, 12 na siku moja kwa msichana, na tunahesabu kwa kalenda ya Kiebrania. Siku hiyo ikifika, amri ni zako, uwe sinagogini au umelala kitandani. “Bat” ni binti, “mitzva” ni amri. Binti wa amri. Watu husema “kufanya bat mitzva” kama wanavyosema kufanya harusi, na hapo ndipo wanapopotea.

Hata mimi nilichelewa kulielewa. Kwetu Tanga mwari alikuwa akiwekwa ndani, somo anamfunda, na siku ya kutolewa nje mtaa mzima unajua. Nilipoingia Uyahudi niliuliza somo wa wasichana hapa ni nani. Bibi yako alicheka, akanionyesha kalenda ukutani. Basi mwaka ule wa gauni la kijani, ulipotimiza miaka 12, ulifunga Siku ya Upatanisho mara ya kwanza, machweo hadi giza la kesho yake, maji hukugusa. Ulisinzia mapajani mwangu kabla ya sala ya mwisho. Mtu mzima alikuwa yule.

La pili linanichoma. Sinagogini kwetu wanawake hawaitwi kusoma Torati, hilo unalijua. Kaka yako alihangaika karibu mwaka mzima, maana gombo la Torati halina irabu wala alama za sauti za kuongoza uimbaji, vyote msomaji huvibeba kichwani. Siku yenyewe alikosea neno moja, wazee watatu wakamsahihisha kwa pamoja, kisha tukamrushia peremende. Baba yako akasema ile baraka ya kumshukuru Mungu kwa kumwondolea adhabu ya huyu, yaani tangu leo dhambi zake azibebe mwenyewe. (Aliisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, nadhani.)

Wasichana walianza kusimama mbele juzi tu. Judith Kaplan, binti wa rabi Mordecai Kaplan, alisoma New York tarehe 18 Machi 1922, tena kwenye kitabu cha chapa, si kwenye gombo. Lakini Baghdad, walikotoka watu wa bibi yako, rabi Yosef Hayyim, aliyefariki 1909, alikuwa ameshaandika kwamba msichana akitimiza miaka 12 avae nguo mpya na aseme baraka ya kumshukuru Mungu aliyetuhuisha, akatutunza na kutufikisha wakati huu.

Unaona sasa? Lile gauni la kijani halikuwa zawadi ya kuzaliwa. Bibi yako alilishona kwa ajili ya siku hiyo. Alikusimamisha sebuleni, ukaisema baraka mbiombio, macho yako kwenye keki. Mimi nilijua maana yake, nami nilikuwa jikoni nikihesabu sahani. Nikasema nitakueleza wageni wakiondoka. Wageni wakaondoka, nikaosha vyombo, nikalala. Kaka yako alielezwa kila kitu mwaka mzima. Wewe hukuelezwa hata kwa dakika tano. Kosa hilo ni langu, si la dini wala la bibi yako. Nisamehe.

Ukitaka kusoma huko, soma. Usisome ili uwe mtu mzima tu. Soma kwa sababu Torati ni yako na sauti unayo. Anza na alama za sauti mapema, kaka yako aliziacha mwisho akajuta. Niandikie ni fungu gani na Sabato ipi, nikate tiketi. Baba yako anataka kukusikiliza kwa simu, na ninakuonya kwamba hana subira.

Gauni nimelitoa sandukuni leo. Upindo wa chini ni mpana, kama shubiri moja. Bibi yako aliuacha makusudi, alisema utarefuka.

Mama yako