Kumtafuta babu asiye na cheo
Dada, umesema babu wa babu yake mumeo alikuwa kibarua wa shamba tu huko Norfolk, Uingereza, utampatia wapi? Anza na cheti cha ndoa. Usajili wa serikali Uingereza ulianza Julai 1837, na cheti hicho hutaja baba wa bwana harusi na wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Hapo umeshapanda kizazi kizima. Halafu sensa. Ya 1841 isikudanganye: umri wa watu wazima ulishushwa hadi namba ya tano-tano iliyo chini yake, mwenye miaka 34 mara nyingi kaandikwa 30. Ya 1851 ndiyo tamu, inataja parokia aliyozaliwa; ukiipata, fungua vitabu vya ubatizo vya kanisa hilo. Na jina lifuate kwa sauti, karani aliandika alivyosikia.