Usilipie upandikizaji wa mimba wa pili kabla hujajua wa kwanza ulikwama wapi

Upandikizaji wetu wa kwanza wa mimba (IVF) uliposhindikana, kiwanja chetu cha Mukono kilikuwa kimeshauzwa ili kuulipia. Kliniki ikasema tujaribu tena, nami nikaanza kutafuta kingine cha kuuza. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeniuliza: "Wifi, mirija yako ya uzazi waliipima?"

Hawakuipima. Nami sikuona sababu, maana mayai huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye ovari na kurutubishwa maabara. Nilipopigwa picha, mrija wa kulia ulikuwa umeziba na kujaa maji. Kumbe maji yale huvuja na kurudi kwenye mji wa mimba, yakakisumbua kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kabla hakijajishika. Nafasi ya kupata mimba hushuka karibu nusu. Mrija ukiondolewa kwanza, nafasi hiyo hupanda tena. Magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono huweza kuharibu mirija kimyakimya, mwanamke asihisi chochote, ndiyo maana naumia kuona kipimo hiki kikirukwa.

Mume wangu naye alikuwa hataki kupimwa, kwa kuwa ana mtoto wa zamani. Ndugu zangu, mbegu za kiume huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Za leo zinabeba habari za miezi miwili, mitatu iliyopita: sigara, pombe, homa kali. Yeye alikuwa ametoka kuugua malaria. Tulisubiri miezi mitatu, ndipo akapimwa.

Kuhusu umri, wengi hunitajia Safina Namukwaya, aliyejifungua mapacha hapa Kampala mwaka 2023 akiwa na miaka 70. Namfurahia kwa moyo wote. Lakini mayai yalitoka kwa mwanamke mwingine. Mji wa mimba huvumilia miaka. Yai halivumilii, na kuanzia miaka 35 hivi kasoro za kromosomu, yaani vibeba urithi ndani ya yai, huongezeka haraka. Kama una miaka 38 na unataka kutumia mayai yako, usiahirishe kwa sababu ya habari ile.

Omba kumbukumbu zako kwa maandishi: mayai mangapi yalipatikana, mangapi yalirutubika, viinitete viliacha kukua siku ya ngapi. Yai lisiporutubika, tatizo si lile la kiinitete kizuri kilichokataa kujishika, na tiba zake hazifanani. Mimi nilizipata baada ya kwenda mara tatu. Daktari wa pili alizisoma dakika kumi tu, akanituma kwanza kwa mpasuaji.