Amana ya CruiseNext ya safari ya meli hairudishwi taslimu

Dada, umeuliza kama amana ya CruiseNext unayouziwa hurudishwa taslimu. Hairudishwi. Ni amana ambayo abiria wa kampuni ya meli za utalii ya Norwegian Cruise Line hulipa mapema ili apate punguzo, nayo hukatwa kwenye nauli ya safari ijayo tu. Ukighairi kusafiri, pesa mkononi hupati. Kabla ya kurudi Ujiji nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za utalii, na nimeona abiria waliovutwa na punguzo bila kusoma masharti wakiumia. Punguzo lenyewe ni la kweli. Ila huyo anayekuuzia amana yake hapo Mwanga kwa bei ya kutupa, kwanza kampuni ikuthibitishie kwa maandishi kwamba inahamishika kwa jina lako na haijaisha muda. Kabla ya hapo usimtumie hata shilingi.